Bei ya Ngozi Huamuliwa Machinjioni: Niliyojifunza Kati ya Usangu na Njombe

Kila mwaka hunijia vijana, wengine kwa simu, wengine wanafika mpaka nyumbani Makambako, kuniuliza kama biashara ya ngozi bado inalipa. Wote huuliza bei. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza chumvi. Mimi huwajibu kwa kuanza na chumvi, kisha kisu, kisha mtu aliyeshika kisu, kwa sababu kazi hii nimeifanya ngozi zikigombaniwa machinjioni na nimeifanya zikitupwa shimoni. Katika nyakati zote mbili kilichomtenga aliyepata na aliyekosa ni saa chache za mwanzo baada ya mnyama kuchinjwa. Soko hatulipangi sisi. Zile saa ni zetu.

Niliingia kwenye ngozi kwa njia ya ndoa. Baba mkwe wangu, Mbena wa Njombe, alikuwa mtu wa ngozi tangu ujana. Miaka ya 1950 alifanya kazi Iringa mjini kwenye banda la mfanyabiashara wa Kihindi aliyekusanya ngozi za ng'ombe, mbuzi na kondoo kutoka kwa wenye maduka wadogo wa vijijini. Zikishajaa lori zilipelekwa Dodoma kupanda treni ya Reli ya Kati kwenda Dar es Salaam. Biashara yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye, maana tangu enzi za Wajerumani ngozi zilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka nchi hii, pamoja na mkonge na mpira. Watoto wake wa kuwazaa walikimbia harufu. Mimi mkwewe nilikaa nikamsikiliza, na kwa hilo alinipenda.

Banda lake la fremu lilikuwa bado limesimama nyuma ya nyumba, na hapo ndipo alipoanzia kunifundisha. Zamani, aliniambia, watu walitandaza ngozi chini juani na kuipigilia vigingi pembeni. Ikikauka hivyo huonekana safi, imenyooka, haina harufu. Lakini jua limeipika. Upande wa juu umekauka haraka na kujifunga, maji yamebaki ndani, na ndani ndimo inamooza taratibu bila mtu kujua. Kasoro hiyo hujificha mpaka kiwandani, ngozi inapolowekwa. Hapo inamegukameguka, nyingine inageuka gundi tupu. Mnunuzi aliyekutana na ngozi za namna hiyo alishusha bei ya shehena nzima, pamoja na zile nzuri. Ndiyo maana idara ya mifugo ya wakoloni ilisisitiza sana ukaushaji wa kivulini: ngozi iwambwe kwenye fremu ya miti, kamba pande zote, ndani ya banda lenye paa lisilo na kuta, upepo upite juu na chini.

Ngozi kavu adui yake mwingine ni mdudu, mende mdogo ambaye mabuu wake huitoboa kama hakuna anayeifungua na kuikung'uta. Enzi za mzee dawa ilikuwa arseniki. Walizichovya ngozi kwenye pipa la maji yenye arseniki kabla ya kufunga marobota, na alinionyesha kwa vitendo jinsi walivyoingiza mikono mitupu mpaka viwikoni. Alikuwa akisimulia hilo kwa sauti ile ile aliyosimulia mambo mengine, nami nilikuwa nikisikia baridi. Arseniki ni sumu kali, na leo hakuna sababu ya mtu yeyote kuigusa kwa ajili ya ngozi.

Nilianza kununua mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 2000. Mali ilikuwa Usangu, bonde la wafugaji upande wa Mbeya. Operesheni ya mwaka 2006 na 2007 ya kuwaondoa wafugaji Ihefu, ardhi oevu ya humo humo Usangu, ilikuwa imepunguza ng'ombe, lakini machinjio ya miji ya barabarani, Igawa, Chimala, Igurusi, na ya Rujewa na Ubaruku, yalikuwa na kazi kila alfajiri. Wakati huo kilo ya ngozi ya chumvi, yaani iliyohifadhiwa kwa chumvi bila kukaushwa, ilipita shilingi 1,000, wanunuzi wa kutoka Dar es Salaam na Morogoro walikuwa wanapiga simu wenyewe, na mtu aliyekuwa na mtaji wa magunia machache ya chumvi alijiona tajiri mtarajiwa.

Nilichokikuta machinjioni ndicho kilichonifundisha kazi. Anayekuuzia ngozi ni mwenye ng'ombe, mara nyingi mwenye bucha. Yeye hajawahi kuishika. Anayeishika ni mchunaji, na mchunaji analipwa kwa kichwa, yaani kwa idadi ya ng'ombe aliomaliza, pamoja na vijisehemu vya nyama vya kupeleka nyumbani. Ng'ombe huchinjwa usiku wa manane, giza, taa moja, na bucha zinataka nyama kabla hakujapambazuka. Anakimbia. Kisu chake kina ncha kali kwa sababu ndicho hicho hicho anachokatia viungo. Matokeo yake ni matobo ubavuni na mapajani, na mikato ambayo haijatoboa lakini imefika nusu ya unene, ile unayoiona tu ukiinua ngozi kwenye mwanga. Ngozi hupangwa kwa madaraja manne, na zilizo chini ya hapo hukataliwa. Tobo moja katikati ya mgongo linatosha kuishusha ngozi ambayo ng'ombe wake aliishi miaka mingi bila kovu.

Wanunuzi wengi walikuwa wanamfokea mchunaji. Mimi nilimfuata mmoja baada ya kazi, anaosha buti zake za mpira, nikamwambia nataka tuzungumze.

"Mama, sisi hapa tunalipwa kwa kichwa," akasema.

"Najua, kaka. Hiyo ya kichwa utaendelea kulipwa na mwenye ng'ombe. Mimi nitakulipa ya mgongo."

Nilimweleza: kila ngozi itakayotoka bila tobo mgongoni wala ubavuni, atapata pesa yake mkononi asubuhi ile ile, kutoka kwangu. Yenye tobo sitamlipa na sitamgombeza. Nikamletea kisu cha kuchunia, kile kilichopinda chenye ncha ya mviringo, kiwe chake. Wenzangu katika biashara walinijia juu kwamba naharibu soko, nalipa ngozi mara mbili. Lakini walikuwa wanahesabu nilichotoa machinjioni na hawakuhesabu nilichopokea kwa mnunuzi. Tofauti ya daraja la kwanza na la tatu ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ada ya mchunaji. Kama kuna jambo moja katika maandishi haya ningependa libebwe na mtu anayeanza, ni hili. Mlipe aliyeshika kisu, mlipe siku hiyo hiyo, na umlipe kwa ubora.

Pamoja na kulipa, fundisha, maana wengi hawajawahi kuelezwa. Ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa asiburuzwe sakafuni, kwani sakafu ya zege inakwangua manyoya na uso wa ngozi, na alama hiyo haitoki. Aninginizwe. Mkato wa kwanza upite katikati, kutoka kidevuni mpaka mkiani, na mikato ya miguu ipite kwa ndani na kukutana na ule wa katikati kwa unyoofu, ngozi itoke na umbo lake. Mikato ikienda ovyo, kiwandani wataikata pembeni na wewe utakuwa umelipia kilo zinazotupwa. Na kwa mbuzi na kondoo kisu kifanye kazi ndogo kabisa. Kikishafungua miguuni na kifuani kiwekwe chini, na kinachobaki kifanywe na ngumi. Ngumi inasukumwa kati ya ngozi na nyama na ngozi inaachia yenyewe. Ya kondoo ni nyembamba na inachanika upesi kuliko ya mbuzi, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu badala ya kusukuma umeiua.

Sasa chumvi. Ngozi mbichi zaidi ya nusu yake ni maji, na uozo unaanza pale pale damu inapopoa. Rujewa na Ubaruku kuna joto. Ukiiacha ngozi imekunjwa kwenye rundo tangu alfajiri mpaka saa nne asubuhi, vuta manyoya uone, yatabaki mkononi. Hiyo imekwisha, hata ukiimwagia gunia zima. Makambako na Mafinga baridi inakupa nafasi kidogo, na hiyo baridi imewadanganya watu wengi wakadhani wanaweza kununua bondeni na kutia chumvi juu. Chumvi iteremke na wewe. Niliweka magunia kwenye kibanda cha kukodi karibu na machinjio, ngozi ikitoka inaondolewa mabaki ya nyama na mafuta, inaoshwa damu, inachuruzika kidogo, inatandazwa upande wa nyama ukiwa juu na kutiwa chumvi. Kipimo changu ni theluthi moja ya uzito: ngozi ya kilo 15, chumvi kilo 5. Gunia la kilo 50 ni ngozi kumi, basi. Anayekwambia anapata ishirini anakuuzia ngozi zitakazokunukia njiani.

Tumia chumvi ya mawe, ya chenga za wastani, iwe ya Uvinza au ya pwani, lakini iwe mpya. Chumvi iliyokwisha kutumika ukiirudia inakuja na vijidudu vyake, na baada ya muda unaona wekundu umetambaa upande wa nyama. Wekundu huo mnunuzi akiuona hasogei tena. Sakafu ya stoo iwe na mwinamo, ngozi zipangwe juu ya mbao, maji ya chumvi yatiririke nje. Baada ya wiki mbili au tatu zimeiva. Kati yake uzipindue, ya juu iende chini, na uongeze chumvi palipokauka, hasa shingoni ambako unene ni mkubwa.

Na hesabu ya uzito uifanye kabla hujatoa pesa. Ngozi mbichi ya kilo 15 ukiitia chumvi vizuri inashuka mpaka kilo 12 hivi. Ukiikausha kwenye fremu inabaki kama kilo 5. Mtu anayenunua mbichi kwa kilo na kuuza ya chumvi kwa kilo, bila kuweka upungufu huo kwenye bei, anapata hasara hata kama mambo mengine yote yameenda sawa. Ongeza chumvi, ada ya mchunaji, kibanda, vibarua wa kupakia, kibali cha usafirishaji, ushuru wa halmashauri, lori la kushuka mlima wa Kitonga. Nimewaona watu waliouza bei nzuri wakarudi na deni.

Nisiruke suala la harufu, kwa kuwa linawatoa wanawake katika kazi hii kuliko kitu kingine. Nilikuwa nikipanda basi Igawa, watu wanafungua madirisha na aliyekaa jirani anahama. Kanisani nilikaa nyuma. Iliniuma, na kuna jioni nililia. Kilichonisaidia ni kuwa na nguo za kazi zinazolala stoo wala hazivuki kizingiti cha nyumba, buti, glavu na ndimu nyingi. Na mume aliyekulia humo humo, hilo nalo ni baraka.

Kuna jambo zito zaidi ya harufu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000, mkoa wa Mbeya ulikumbwa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, na upande wa Mbozi hofu ilikuwa kubwa mno. Familia zilizopoteza watu wao bado zipo. Mzee alinisimulia kwamba katika kipindi hicho mtu yeyote aliyetamka ngozi kijijini alitazamwa kwa jicho lingine, na yeye aliacha kabisa kwenda upande ule mpaka mambo yalipotulia. Miaka mingi baadaye nilipoanza kwenda Vwawa na Tunduma nilikuta hofu haijaisha, na haikupaswa kuisha. Kwa hiyo mpaka leo sifiki kijiji kigeni nikaanza kuuliza ngozi barabarani. Nakwenda kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, natoa leseni, natoa barua ya afisa mifugo, naomba mwenyekiti anitambulishe, na nasema wazi ni ngozi ya mnyama gani, iliyochinjwa wapi. Sijawahi kusafiri na ngozi usiku. Kijana anayeona taratibu hizi ni usumbufu awaulize wazee wa Mbozi.

Afisa mifugo ana umuhimu mwingine. Ngozi ya kibudu, mnyama aliyejifia mwenyewe, usiinunue hata ukipewa bure. Kimeta huua ng'ombe ghafla, pengine damu ikitoka puani na kwenye haja kubwa bila kuganda, na vijidudu vyake hubaki kwenye ngozi, na kwenye udongo, kwa miongo mingi. Mtu anayeichuna au kuibeba anaweza kuota kidonda kinachogeuka cheusi katikati, ambacho hakiumi, na kwa kuwa hakiumi anakipuuza. Ukiona kidonda cha namna hiyo mkononi mwa mtu wa ngozi, mpeleke hospitali siku hiyo na mwambie daktari kazi anayoifanya. Kimeta kikiwahiwa kinatibika. Nimeletewa ngozi za bei ya chini sana kutoka bondeni, zimekunjwa kwenye roba, na aliyezileta hakuweza kueleza ng'ombe alichinjwa machinjio gani. Nilimrudisha.

Upande wa kuuza, lililonitesa ni madaraja. Unapakia Makambako ukijua robo tatu ya mzigo ni daraja la kwanza na la pili. Lori linafika, na huko linakofika unapigiwa simu kwamba nyingi ni la tatu na la nne. Ngozi ziko kwao, lori limeshaondoka, na wewe uko umbali wa siku nzima. Utakubali. Baada ya hayo kunitokea kwa mnunuzi mmoja mkubwa nilibadilisha utaratibu. Mnunuzi hutuma mtu wake stooni kwangu, tunafungua ngozi moja moja, tunakubaliana daraja, tunapiga alama, tunaandika na kusaini wote wawili, napiga picha rundo baada ya rundo, na sehemu kubwa ya malipo inaingia kabla turubai halijafungwa. Mnunuzi anayekataa kutuma mtu tusiuziane. Sheria ya biashara ya ngozi ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara hii asajiliwe na ngozi zikaguliwe na kupangwa madaraja, na kwangu karatasi ya mkaguzi ndiyo imenipa kauli mbele ya watu wenye pesa kuliko mimi.

Kisha bei ikaanguka. Kuanzia mwaka 2014 au 2015 dunia ilianza kuacha ngozi. Viatu vya michezo vya kitambaa na ngozi za bandia vilichukua nafasi, na ngozi za ng'ombe zikawa nyingi kuliko wanaozitaka. Hapa kwetu ushuru wa kupeleka ngozi ghafi nje ulikuwa umepandishwa sana ili zisindikwe nchini, nao ukafika asilimia 80 ya thamani. Nia ya ushuru huo naielewa na naiunga mkono, kwa sababu ngozi inayotoka ghafi inatoka na ajira zake. Lakini viwanda vya ndani havikuwa na uwezo wa kumeza ngozi zote, na mtu wa katikati, mimi, nikabaki na stoo. Kilo ikashuka chini ya nusu, ikashuka tena, halafu simu zikanyamaza. Machinjioni ngozi za ng'ombe zikaanza kufukiwa. Nilikuwa na deni la chumvi na deni la kibanda, na wachunaji wangu, watu waliokuwa wamefikia hatua ya kuchuna ng'ombe mzima bila mkato hata mmoja, wakarudi kwenye kisu cha ncha. Hilo la mwisho liliniuma kuliko pesa. Ustadi ule ulichukua miaka, ukapotea kabla msimu haujaisha.

Niliuza nilichoweza kwa bei ya kulipia chumvi, nikafunga kibanda cha bondeni, na kwa ushauri wa ofisi ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nikaenda kujifunza usindikaji Mwanza, kwenye kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ile iliyokuwa zamani chuo cha teknolojia ya ngozi. Nilikwenda nikiwa na mawazo ya ng'ombe, nikarudi na mawazo ya kondoo.

Mkufunzi mmoja alitueleza historia ambayo sikuwahi kuisikia. Huko Uingereza kwa karne nyingi palikuwa na wafanyabiashara ambao kazi yao ilikuwa ngozi za kondoo peke yake: walizinunua kwa wachinjaji, wakazipaka chokaa upande wa nyama ili sufu iachie, wakauza sufu kwa watu wa nguo na ngozi kwa wasindikaji. London, eneo la Bermondsey, biashara ya ngozi ilikuwa kubwa mpaka mwaka 1878 wakajenga jumba la soko la ngozi na sufu. Ufaransa, mji mdogo wa Mazamet uliishi kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Ngozi za kondoo zililetwa kwa meli kutoka Argentina na Australia, zikavundikwa kwenye vyumba vya joto na unyevu mpaka sufu ikaachia, na mji mzima ukala humo. Kilichonishika ni ile akili ya kutenganisha mali mbili zilizo kwenye mnyama mmoja na kuitafutia kila moja mnunuzi wake.

Kondoo wetu hawana sufu, wana nywele. Nilidhani hilo ni upungufu. Mkufunzi alinionyesha kinyume chake: ngozi ya kondoo wa sufu ina mashimo mengi ya sufu na mafuta, ikisindikwa inakuwa laini lakini tepetepe, matabaka yake huachana. Ya kondoo wa nywele imeshikana, ni nyembamba na imara, na duniani ndiyo inayotafutwa kwa glavu nzuri. Kondoo wa Makete, wa Ludewa, wa Usangu. Ngozi ambazo kwetu zilikuwa zinatupiwa mbwa.

Na dawa ya kuzisindika ilikuwa imeota mlangoni kwangu. Njombe ni nchi ya miwati. Mti ule wa asili ya Australia ulipandwa mashamba kwa mashamba na Tanganyika Wattle Company tangu mwaka 1949, na kiwanda kikajengwa cha kuchemsha magome na kutoa unga wa kusindikia ngozi. Gome kavu la mwati karibu theluthi yake ni tanini, ile inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi isiyooza. Nimekulia kwenye moshi wa kuni za miwati, na nilifika mpaka Mwanza ndipo nikajua inafanya nini.

Nieleze ninavyofanya, maana hapa ndipo vijana wanaponiandikia maswali mengi. Ngozi ya kondoo ina mafuta, na mafuta yanazuia chumvi isiingie, kwa hiyo ikwanguliwe upande wa nyama siku ile ile. Ikija kusindikwa inalowekwa usiku kucha kutoa chumvi, inaoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu tu, kwani maji ya moto huikunja ngozi mbichi na haikunjuki tena. Inaingia kwenye pipa la chokaa siku tatu mpaka tano, ikigeuzwa kila siku, mpaka nywele ziachie. Inakwanguliwa juu ya gogo, inaoshwa mara nyingi, inalazwa kwenye maji ya pumba yaliyochachuka ili chokaa itoke. Ndipo magome. Vaa glavu kwenye chokaa na ufukie maji yake kwenye shimo mbali na mto. Mabonde yetu yanalisha watu chini huko.

Maji ya magome yaanze yakiwa hafifu, rangi ya chai isiyokolea, kisha yakolezwe kila baada ya siku chache. Wengi wana haraka, wanaanza na makali. Uso wa ngozi unasindikwa na kujifunga, na ndani inabaki mbichi. Nilipoona hilo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka baba mkwe na zile ngozi zake za juani, kwa sababu ni kosa lile lile kwa dawa nyingine. Kata kipande chembamba pembeni utazame: kama katikati kuna mstari mweupe, bado. Kondoo huchukua wiki mbili au tatu. Ng'ombe ni miezi, na kwa mtaji mdogo simshauri mtu. Ikishaiva inaoshwa, inapakwa mafuta, inakaushwa kivulini huku ikifikichwa kwa mikono kila inapokaribia kukauka. Usipofikicha itakuwa gamba.

Soko langu sasa ni la watu wa hapa hapa: mafundi wa mikoba na mikanda wa Iringa, washona kandambili, watu wa ngoma, na wageni wachache wanaopita kwenda Ruaha na Kitulo. Si pesa ya mwaka 2012. Ni pesa inayokuja kila mwezi, na ngozi moja ya kondoo ninayoisindika inanipa zaidi ya iliyokuwa inanipa ngozi ya ng'ombe niliyoiuza ikiwa ghafi.

Upatikanaji ndio kazi. Kondoo wengi hawapiti machinjioni, wanachinjwa majumbani, kwenye harusi, misiba, Krismasi, na zaidi ya yote Idi ya kuchinja. Anayetaka kuanza aanzie hapo. Wiki moja kabla ya Idi nenda msikitini, msalimie imamu, mweleze unachofanya na uombe ruhusa ya kuzungumza na waumini. Ngozi za sadaka wengine hawaziuzi bali huzitoa, kwa hiyo uliza utaratibu wao na uufuate, na kama wanazitoa kwa madrasa basi changia madrasa. Pima chumvi ya kilo moja moja kwenye mifuko, gawa nyumba kwa nyumba bure, na uwaonyeshe vijana watakaochuna jinsi ya kutumia ngumi. Watandaze ngozi kivulini, nyama juu, wamwage mfuko wote, waikunje. Wewe upite kuzikusanya jioni ile ile ukiwa na pesa mkononi. Na mifuko ya chumvi iwe imeshafika siku mbili kabla, kwa sababu siku ya Idi asubuhi maduka yamefungwa.